Mgeni Aitwe Nani

Haya, kabla sijafika mbali, nikutegee hiki. Nguo yangu nimevalishwa na mwanangu. Mimi mkubwa, yeye mdogo, lakini imenienea. Siku nikiivua, si mimi ninayebaki uchi, ni yeye. Nguo gani hiyo? Usiniambie mbeleko, wala usiniambie ngozi. Na usikimbilie kunipa mji. Miji ninayo mingi, hata sijui niiweke wapi. Kaa nacho. Mwanahawa wa Likombe alikaa nacho moyoni miaka na miaka, na siku kilipoteguliwa hakuna aliyepandisha sauti.

Huyu Mwanahawa hakuzaa. Alikuwa na mikorosho yake, mihogo yake, uwanja uliofagiwa kila asubuhi, na ulimi ambao majirani waliukwepa kama wanavyokwepa upupu njiani. Hata hivyo Likombe nzima ilimwita Mama Bakari. Bakari alikuwa mwana wa mdogo wake, Mwanaisha, aliyefariki mtoto akiwa bado anajikwaa kwa kutembea. Mwanahawa akamchukua mtoto, na jina likaja pamoja na mtoto. Kwetu ndivyo. Ukishapata mtoto, jina lako kavu linawekwa darini pamoja na buibui, watu wanakuita kwa mwanao wa kwanza. Kumwita mzazi jina lake tupu mbele za watu ni kumwambia kwamba hujakiona alichokileta duniani.

Sasa Bakari alikuwa kijana mzima, anapakua saruji pale gati mpya ya Mtwara, na alikuwa anamtaka Sharifa. Sharifa alilelewa na mjomba wake, Rashidi, mtu mpole mwenye kigugumizi cha kuamua. Mwanahawa akapeleka posa pamoja na doti za kanga alizozichagua mwenyewe dukani kwa Fazal, Mikindani. Rashidi akazipokea, akaziweka magotini, akazipapasa kama anayetafuta pa kuanzia.

"Mama Bakari, kijana sina neno naye. Anafanya kazi, anaswali, halewi. Lakini siku ya kuoza sheikh ataniuliza, Bakari bin nani. Nimjibu nini?"

"Bin Salumu."

"Salumu yupi, dada yangu? Yule karani wa mkonge ambaye hakuna anayejua alikotoka wala alikokwenda? Sheikh aliyewaozesha kafa. Shahidi mmoja kafa, mwingine kahamia Unguja. Na midomo ya watu unaijua. Wanasema pale hapakuwa na ndoa, palikuwa na karani tu."

"Unataka nini, Rashidi?"

"Baba yake asimame aseme kwa mdomo wake, huyu ni wangu. Sina lingine. Watu wa Madimba nao wanamtaka Sharifa. Nimewaambia wangoje zahanati ifunguliwe. Ikishafunguliwa nitakosa la kuwaambia."

Mwanahawa akasonya, si kwa Rashidi. Alisonya kwa sababu alijua vizuri Salumu alipo.

Salumu alizaliwa Danieli, kijana wa misheni ya Waingereza kule bara. Alikuja pwani kupima mkonge, akamwona Mwanaisha, akasilimu, akaitwa Salumu, akaoa kwa ndoa ya haki. Bakari akazaliwa, naye akawa Baba Bakari kwa muda wa mtoto kuota meno mawili matatu. Kisha akaaga. Mama yake mgonjwa huko bara, alisema, anakwenda kumtazama mara moja. Mama huyo akaugua mpaka mwanawe akawa padri. Habari zilikuwa zikimfikia Mwanahawa kwa wachuuzi: Danieli karudi kanisani; Danieli kavishwa kanzu; Danieli hataki kuoa na wakubwa wake wanamsifu kwa usafi huo; Danieli kapandishwa, sasa ni Kanoni. Mwanaisha kabla hajafa alimkataza dada yake asimtangaze mtu yule. Mwanahawa alilishika katazo hilo kwa ajili ya marehemu. Kwa ajili ya karani asingeshika hata mlango.

Basi zahanati. Bwana Shauri, mkubwa wa serikali pale bomani, alikuwa amealika wakubwa wa dini zote waje kuifungua, na jumbe, mkuu wa kijiji, akaona aibu itawapata watu wake wakikosea kuwaita. Kazi ya kuwafundisha akampa karani wake, Athumani. Huyu Athumani alikuwa na koti la kaki alilorithi kwa mzungu mmoja wa karanga, mwaka ule karanga zilipokataa kuota na wazungu wakafunga mizigo. Tangu alivae koti hilo hakuwahi kusikia joto. Na kwa kuwa zamani alifagia uwanja wa misheni moja msimu mzima, alijihesabu mtu wa ndani kwa mapadri.

Akawakusanya watu barazani kwa jumbe, akasimama mbele yao na ufito.

"Sikilizeni. Hawa watu si wamoja. Yule Mjerumani mwenye ndevu ni wa Kirumi, anaitwa Baba Padri. Si Bwana. Bwana ni wa bomani. Akija na mwenzake mwenye kanzu kama yake lakini kabeba misumari na nyundo, huyo ni Bruda. Usimwite Padri, utamuudhi Padri."

"Na Bruda mwenyewe hataudhika?" akauliza Mwajuma, jirani wa Mwanahawa.

"Bruda hana ruhusa ya kuudhika. Tuendelee. Wanawake wenye vitambaa vyeupe ni Masista. Hata awe kizee, Sista. Mkubwa wao, Mama Mkuu."

"Mama wa nani?"

"Wa hakuna."

"Maskini," akasema Mwajuma.

"Askofu wao akija, wenyewe hupiga goti wakabusu pete. Ninyi hamtabusu. Mtainamisha kichwa kidogo, hivi, kama mtu aliyedondosha sindano." Akainama, koti likambana mgongoni, likalia. "Mlutheri, huyu aliyekuja na makarani wa bandari, ni Mchungaji. Mkewe ni Mama Mchungaji."

"Huyo afadhali," akasema Mwajuma, "ana mke."

"Sasa, wa Waingereza. Hapo ndipo penye shimo." Athumani akashusha sauti kama anayetaja chatu. "Mdogo kabisa ni Shemasi. Juu yake Padri. Juu ya Padri, Kanoni. Atakayekuja ni Kanoni, tena mtu mweusi mwenzetu, Mmakua, Kanoni Danieli Nampota. Ukimwita Padri, umemshusha. Ukimwita Bwana Danieli, heri ungelala kwako. Barua yake mwenyewe imesema, aitwe Kanoni na atangulie Mchungaji kuketi."

Mwanahawa alikuwa anabangua korosho mapajani, hajainua macho tangu somo lianze. Sasa akayainua.

"Huyo Kanoni, mwanawe wa kwanza anaitwa nani?"

"Hana mwana. Hakuoa. Kajitolea."

"Kajitolea," akasema Mwanahawa, akaitupa korosho mbovu uwanjani. Kuku akaiendea, akaigeuza, akaiacha.

"Wewe, Mama Bakari, nakuona hurudii na wenzako," akasema Athumani. "Siku hiyo utamwitaje?"

Mwanahawa akaendelea kubangua.

Siku ya siku watu wakajipanga mbele ya zahanati, wanawake upande huu, wanaume upande ule, jua limewasimamia utosini. Wakubwa walikuja, na viti vikaanza vituko. Kanoni Nampota alivitazama, akamwita Athumani kwa kidole, akamwambia jambo, na Athumani akakimbia na kiti cha Mchungaji mikononi, akakipeleka nyuma, akakirudisha, akakipeleka kando. Mchungaji alibaki amesimama, kashika kofia, anatabasamu kama mtu aliyeumwa na jino. Padri Mjerumani alichoka kungoja, akaketi juu ya kreti la dawa na kujipepea kwa kitabu. Sheikh wa Mikindani alikwenda kukaa chini ya kivuli cha ukuta pamoja na makuli, huko ambako hakuna aliyekuwa anapimana na mtu.

Kanoni mwenyewe alikuwa amejaa. Shavu limejaa, tumbo limejaa, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Mwanahawa alimwangalia akiketi, jinsi alivyoinua kanzu kwa vidole viwili isiguse ardhi ya Likombe. Ardhi hiyohiyo alikuwa akilala juu yake bila mkeka, zamani, joto likizidi.

Zikaja salamu. Wakubwa wakapita mbele ya mstari. "Shikamoo, Baba Padri," akasema Mwajuma kama alivyofundishwa. "Marahaba, mama," akajibu Mjerumani, "kuna maji ya kunywa hapa?" Akapita. Kanoni akafuata, mkono ameutanguliza, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza shida za watu. Akafika kwa Mwanahawa. Akangoja shikamoo, yeye aliye mdogo.

"Karibu, Baba Bakari," akasema Mwanahawa. "Umenenepa."

Ule mkono ukabaki hewani.

"Kanoni," Athumani akanong'ona nyuma. "Mama Bakari, sema Kanoni."

Padri Mjerumani aligeuka. Kiswahili alikijua kuliko Athumani. "Baba Bakari ni nani?" akauliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza jina la mti.

Kanoni akacheka kicheko cha puani. "Mama amenifananisha, Baba. Macho ya uzee. Mimi, mama, ni Kanoni Nampota." Akapita kwa anayefuata, na aliyefuata, kwa woga, akampa shikamoo mbili.

Rashidi alikuwa ameyaona yote kutoka upande wa wanaume. Hotuba zilipokwisha akamfuata Mwanahawa mpaka penye njia ya mashambani.

"Kwa hiyo ndiye?"

"Ulitaka aseme kwa mdomo wake. Umeusikia mdomo wake."

"Amesema siye."

"Amesema."

Rashidi akachora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Basi, dada, nitakuja jioni hii kukurudishia kanga zako. Kesho niwajibu watu wa Madimba. Usinichukie."

"Sina chuki ya kukugawia wewe, Rashidi. Yote imeshapata mwenyewe."

Akarudi nyumbani, akainjika ming'oko. Hiyo mizizi ya porini inataka uvumilivu: uioshe mchanga, uichemshe na chumvi, uimenye kwa kucha. Alikuwa ameipakua kwenye ungo, inafuka moshi, aliposikia hodi. Hodi ndogo, ya mtu asiyetaka jirani asikie.

"Karibu," akajibu. Hakusema karibu nani.

Kanoni akaingia uani peke yake. Akatafuta kiti kwa macho. Mwanahawa akamsukumia mbuzi ya kukunia nazi. Kanoni akaitazama mbuzi, akautazama ulimi wake wa chuma wenye meno, akakusanya kanzu, akaketi kwa adabu ya mtu anayepanda punda wa watu.

"Mama, umenifedhehesha mbele ya wageni wa Serikali."

"Nilikukaribisha."

"Mtu wa daraja langu ana namna yake ya kuitwa. Si mimi ninayetaka. Ni heshima ya kanisa."

"Namna hizo nimefundishwa. Padri, Bruda, Sista, Shemasi, Mchungaji anayehamishwa na kiti chake. Nimezijua zote. Wewe je, unajua mimi unavyopaswa kuniita?"

Kanoni akaikung'uta kanzu.

"Zamani ulikuwa unaniita shemeji. Leo nimekuwa mama, kama muuza maandazi. Na shikamoo yangu ulinidai barabarani, wakati nakumbuka nikikupa dawa ya minyoo kwa kijiko."

"Mambo yale yalikuwa ya ujana. Nilitubu."

"Ulimtubia nani? Hapa hukufika."

"Nilitubu kwa Mungu."

"Naye hakukuuliza mtoto kabaki na nani?" Akachukua mng'oko mmoja, akaumenya, ganda likatoka refu bila kukatika. "Sikiliza. Danieli ni jina lako, ulipewa kwenu. Salumu lilikuwa lako, ulilitaka mwenyewe ili upate mke, ukalitupa ulipomchoka. Utupe, uokote, ni yako. Hilo la Kanoni nalo livae, likubane unavyopenda. Lakini Baba Bakari hukupewa na sheikh wala na askofu. Ulivalishwa na mtoto asiyejua kusema. Ukalivua ukaenda zako, na yeye akabaki hivyo, uchi, mpaka leo watu wanamtazama."

"Mwanaisha yuko wapi?" akauliza Kanoni.

"Unauliza leo kwa kuwa umekosa la kusema. Kafa. Homa. Mpaka siku ya mwisho alikuwa akiniambia, dada, usimseme vibaya Baba Bakari. Sijakusema vibaya. Nimesema umenenepa."

Kanoni aliinamisha kichwa, na mkono wake, kwa kukosa kazi, ukaenda kwenye ungo. Akachukua mng'oko, akaupasua kwa ukucha wa gumba kutoka kichwani, akalivuta ganda, akauchovya chumvi, akala. Mwanahawa alimtazama akila. Mtu wa kuja hawezi kumenya vile. Hutafuna na ganda, akasifu.

"Misheni wakijua, watanivua daraja," akasema, mdomoni bado mna mng'oko. "Waliniuliza siku ya kunipa upadri kama nina mke au mtoto popote. Niliapa."

"Ahaa. Kumbe uliulizwa."

"Shemeji, sina kitu kingine. Nikivuliwa hili, mimi ni nani?"

"Hata hilo waniuliza mimi? Kamuulize Athumani. Ana ufito na somo."

Bakari akaingia wakati huo, saruji imemgandia mpaka kwenye kope. Hakuwepo zahanatini, alikuwa kazini. Lakini kutoka gatini mpaka Likombe kuna midomo mingi, na yote ilikuwa imemsubiri. Akamwona mgeni juu ya mbuzi. Akasimama wima. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyedondosha sindano, vilevile somo lilivyotaka.

"Shikamoo, Kanoni."

Alilisema safi. Hakuliongeza kitu, hakulipunguza. Athumani angekuwepo angempigia makofi. Kanoni akafungua mdomo aitikie, akaufumba, kwa maana marahaba ile ingekuwa ya nani? Bakari hakuingoja. "Mama, maji yapo?" akamuuliza Mwanahawa, akachukua ndoo, akazunguka nyuma ya kibanda kujiosha. Mwagiko wa kwanza ukasikika, na kikohozi cha vumbi.

Mwanahawa akasogeza ungo. Kijana alikuwa amempa mtu yule heshima yote aliyoidai, mpaka tone la mwisho, na ona ilivyomkaa.

Hodi nyingine. Rashidi, kashika kifurushi cha kanga kwapani, na nyuma yake Athumani anahema, koti limefunguka kifungo.

"Kanoni," akasema Athumani, "gari la Bwana Shauri linakungoja barabarani. Baba Padri na Mchungaji wameshapanda."

Kanoni hakuinuka. Rashidi akatoa salamu, akaketi kwenye kizingiti, akakiweka kifurushi mbele ya Mwanahawa, lakini mkono hakuuondoa juu yake.

"Mama Bakari, nimekuja kwa lile tulilosema."

"Najua. Weka tu."

Rashidi akamtazama mgeni pale alipoketi, kanzu imekusanywa mapajani, ganda la mng'oko limenata goti jeupe. Alikuwa mtu mpole, nimekwambia, lakini upole wake ulikuwa na mfupa ndani.

"Samahani sana, ndugu," akasema. "Tumekaa ua mmoja, si vizuri nisikusalimu. Na tumeonywa tusikosee. Tukuite nani?"

"Ni Kanoni Danieli Na..." akaanza Athumani.

"Sikukuuliza wewe, Athumani. Namuuliza mgeni."

Mwanahawa akachukua mng'oko mwingine, akaumenya polepole, hakumtazama mtu. Asingemsaidia hata kwa kope. Kule barabarani honi ya gari ikalia, ikalia tena. Nyuma ya kibanda maji yalikuwa yamekoma kumwagika. Aliyekuwa anaoga alikuwa amesimama na kopo mkononi.

Kanoni akalitoa lile ganda gotini, akaliweka ukingoni mwa ungo. Akajifuta vidole kwenye kanzu yake nyeupe, kwa kuwa hapakuwa na kitambaa. Kisha akainua uso, akaelekeza maneno kwenye kibanda kuliko kwa Rashidi, akasema kwa sauti ya kufika huko:

"Niiteni Baba Bakari."